Kupaka Nyumba Kabla ya Koito

Jumatatu, 4 Agosti

Msasa. Mlango wa mbele, upande wa nje. Chini ya kijani kuna kahawia, chini ya kahawia kuna nyeupe. Zote ni mkono wangu. Mvua ilianza saa nane, nikaacha.

Nilipaka nyumba za wakubwa wa shamba la chai miaka thelathini na moja. Nyumba moja vyumba kumi na vinne, na hakuna tone lilianguka sakafuni. Kwa hivyo Joel, mdogo wangu, asiniambie nyumba yangu haifai.

Alisema jana kwa simu. Koito ya Chelangat, siku ile wakwe wanakuja kuongea ndoa na ng'ombe, ati ifanywe kwake Sigor. Ati yeye ana vigae na sofa. Ati hapa kwangu Merigi kumekaa kama stoo tangu Mama Chelangat afariki. Nikamwambia msichana haombwi kwa baba mdogo wakati baba yake anapumua. Akasema sawa, yeye na mke wake watakuja tarehe kumi na sita kuangalia. Ikipendeza, koito ni hapa. Isipopendeza ni kwake, tarehe ishirini na tatu.

Itapendeza.

Leo nimeongea peke yangu mara mbili. Mara ya pili nilijijibu.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepeleka majani ya chai kwa kituo cha kununulia asubuhi, halafu hardware. Msichana wa duka alinipa kitabu cha rangi. Kurasa na kurasa. Nyeupe peke yake ni aina kumi na mbili. Nikamwambia funga hiyo, nataka krimu na kijani cha mafuta. Akauliza kama nataka fundi. Nilimwangalia mpaka akainama.

Bot Kiprono, jirani yangu, alinikuta njiani na mikebe. Mjane kama mimi, lakini mdomo wake haujafiwa.

"Arap Rono! Unaoa?"

Nikasema ninapaka nyumba.

"Mwanaume wa miaka yako hapaki nyumba bure. Sema tu ni nani, tuanze kuchemsha maziwa."

Nilicheka kidogo. Ilikuwa kitu cha kwanza kunichekesha tangu simu ya Joel.

Alhamisi, 7 Agosti

Sebule imeisha. Kijani mpaka kiunoni, krimu kwenda juu, katikati mstari mweusi, upana wa kidole. Mstari nilivuta bila kamba. Kijana gani anaweza hiyo siku hizi? Hakuna.

Nikapiga picha, nikamtumia Chelangat. Yeye ni mwalimu Nakuru. Mungu alitupa huyo mmoja tu.

Akajibu baada ya masaa mawili. "Baba, inafanana na dispensari."

Sikula chakula cha jioni. Sikuwa na njaa, lakini pia nilikuwa na hasira.

Ijumaa, 8 Agosti

Amenitumia picha tano. Anaita mtindo huo rastiki. Kuta za rangi ya udongo, isiyong'aa. Viti vinapakwa rangi, halafu vinasuguliwa mpaka mbao ionekane, kama vimekaa kwa familia miaka mia. Watu wa Nairobi wananunua meza mpya iliyozeeshwa. Wanalipa.

Nimefanya kazi maisha yangu yote kuficha uzee wa vitu. Sasa mtoto wangu anataka utolewe nje.

Ameandika chini ya picha: "Hivi ndivyo napenda, Baba, lakini usijisumbue."

Mimi nikiambiwa nisijisumbue, ndio nimeambiwa nianze.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimekwaruza mafuta yote. Siku mbili za kazi kwa sakafu. Mkono wa kulia umevimba.

Sikurudi kwa kitabu cha yule msichana. Nimechota udongo mwekundu nyuma ya choo, nikachekecha mara tatu, nikachanganya na nyeupe ya maji. Ya kwanza ilitoka kama nyama. Ya pili kama uji wa wimbi. Ya tatu, hiyo ya tatu. Kama barabara ya Sigor ikianza kukauka, jua likiwa chini. Nilipaka ukuta mmoja, nikakaa mbele yake.

Nikageuka nimwambie Mama Chelangat aone. Nimekuwa nikigeuka hivyo mwaka mzima.

Jumanne, 12 Agosti

Benchi mbili mpya za saipresi, kwa wageni. Mbao nyeupe kama jino. Ili izeeke: chai nzito isiyo na maziwa, unapaka, unaacha ikauke. Halafu siki iliyolowekwa misumari yenye kutu. Unapaka juu na mbao inabadilika mbele ya macho, kijivu, halafu nyeusi kidogo. Chelangat alituma maelezo ya hao watu wa rastiki, lakini kipimo nimejua mwenyewe. Wao wanasema majani vijiko viwili. Mimi nimeweka pakiti. Mtu amechuna chai tangu utoto hawezi kufundishwa chai na simu.

Miaka sitini kwa nusu saa. Mimi ilinichukua sitini kamili.

Alhamisi, 14 Agosti

Meza. Hii niliitengeneza kabla hatujaoana. Juu nimeweka samawati iliyofifia. Kabla ya kupaka, unasugua mshumaa pale unataka rangi isishike. Ikikauka unapiga msasa, pale panatoka penyewe.

Picha zinasema uchague mahali popote, kwa kubahatisha. Mimi sikubahatisha. Pembe ya kushoto, pale mama yake alikuwa anakatia sukuma. Ukingo wa mbele, mikono yangu. Mguu wa nyuma, pale Chelangat alikuwa anapiga teke akifanya hesabu. Nilikuwa ninamkemea kila jioni kwa huo mguu.

Ni kazi bora nimewahi kufanya. Ninasema hivyo na hakuna wa kubisha. Hiyo ndiyo shida, hakuna wa kubisha.

Jumamosi, 16 Agosti

Wamekuja.

Joel alisimama mlangoni kama askari wa kodi. Esther mke wake akaingia, akaangalia ukuta, akaangalia benchi, akashika meza na kidole.

"Shemeji, pole. Rangi ilikuishia?"

Nikasema ni mtindo. Inaitwa rastiki. Ni Chelangat anapenda.

Joel akasema, "Kaka, wakwe watafikiri tumewakalisha kwa nyumba ya kuku." Esther alicheka mpaka akahitaji kukaa. Kabla ya kukaa alipangusa benchi na leso, halafu akaangalia leso.

Hawakumaliza chai. Koito ni Sigor.

Joel alipofika kwa geti akarudi, akasema nisikasirike, watu wetu wanaheshimu mgeni na kitu kipya. Najua. Mimi ndiye nilikuwa ninawapakia hicho kipya. Nilisahau ni nani anakuja kukaa. Nilipaka nyumba ya macho mawili tu, ya Chelangat, na hayo hayakuwa yamealikwa kuhukumu.

Jumapili, 17 Agosti

Sikuenda kanisa.

Chelangat amepiga. "Baba, wazee wameamua. Tusigombane, tafadhali. Utakuja?" Nikasema Joel amechukua koito, achukue na kiti cha baba. Akaanza kulia. Nikakata simu.

Sikupaswa kukata.

Jumatano, 20 Agosti

Sijapiga simu. Yeye pia. Mvua ya mawe imepiga majani ya juu. Nimekaa kwa benchi yangu.

Ijumaa, 22 Agosti

Bot Kiprono amekuja na mursik, maziwa ya kibuyu, ya kubeba kesho. Nikasema siendi. Akaweka chini.

"Kwa nini?"

Nikaeleza. Nyumba, meza, Esther na leso. Alisikiliza yote. Halafu akasema:

"Arap Rono, nyumba haiolewi. Ni msichana anaolewa. Kesho wataita baba yake, na atasimama Joel na kile kitambi. Ukitaka hivyo, kaa."

Akaenda. Hakuchukua kibuyu.

Nimepaka viatu rangi. Vinang'aa. Vitu vingine sitaki rastiki.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimeenda. Joel aliponiona aliinuka kwa kiti cha katikati bila kuambiwa. Nikakaa.

Wakwe waliuliza ukoo, nikajibu. Waliongea ng'ombe tangu saa nne mpaka saa tisa, nikawa mgumu, hata wazee wao walisifu. Kijana ni mpole. Ana vidole vya mtu hajawahi kushika brashi, lakini macho anayainua ukimwongelesha. Tulipopatana, wazee walitupaka siagi kichwani, mimi na yeye Chelangat. Ilimtiririka mpaka kwa sikio. Hapo ndipo alinitazama.

Saa kumi nikaaga. Chelangat akamwambia Esther, "Mama mdogo, mimi nalala nyumbani." Akabeba viatu mkononi, tukaondoka.

Jumapili, 24 Agosti

Ameondoka saa tatu. Gari la shule ya rafiki yake.

Jana alizunguka sebule mara moja, polepole. Akainama chini ya meza. "Baba, uliniwekea teke langu." Nikasema ni mtindo. Akavuta kiti kwa ukuta, akaanza kunisimulia juu ya nyumba watakayopanga, akalala katikati ya maneno. Sikumwamsha. Nilimfunika na koti langu la mvua, ndilo lilikuwa karibu.

Leo nimefagia. Ukutani, juu ya kile kiti, kuna doa. Siagi ya koito, pale kichwa chake kiliegemea. Mviringo, kama kikombe. Rangi ya maji haizibi mafuta. Ukipaka juu linatoka tena, lazima ukwangue mpaka plasta. Kwa nyumba za wakubwa ningekwangua kabla mama mwenye nyumba hajaamka.

Nimesogeza kiti kando, nisije nikalifuta na bega.