Picha za Kichocho Zilizosomwa Kinyume

Handeni,
18 Agosti 1974

Mpendwa Dada Hosiana,

Shikamoo. Je, kifua kimepona, au baridi ya Mbeya bado inakuonea? Mimi mzima, ila uoga wangu unaujua. Mama alipita hapa akitoka Korogwe. Goti linamsumbua, lakini hachoki kukutaja.

Wanafunzi wawili wa udaktari wamekuja kutoka Dar es Salaam kuwaeleza watu habari za kichocho. Maneno yao yaliwachosha wanakijiji, basi mimi karani, kwa kuwa najua kuchora, nikaazimwa ofisini niwafundishe kueleza kwa picha. Hebu fikiri, Simeo kuwafundisha madaktari!

Tulichora picha nne, zote kwenye mstari mmoja: mtoto anaoga lamboni, anakojoa damu, anameza vidonge, anacheza mpira. Tukazitundika katika kijiji cha ujamaa karibu na Mkata. Kina mama wakatazama, wakawashika watoto wao, wakaondoka.

Mzee mmoja, Bibi Mwaija, peke yake alibaki, amekasirika. "Mtoto alikuwa anacheza, mzima. Mkampa vidonge, akakojoa damu, mkamtupa lamboni! Watoto wetu wamewakosea nini?"

Dada, wengi pale wamesoma Kurani tu, na macho yao huanzia upande wa kulia. Sisi tulianzia kushoto kama tulivyofundishwa misheni. Niliogopa sana. Watoto wengi wanakojoa damu, na dawa imekwisha kuletwa; wangekosa kutibiwa kwa ajili ya mchoro wangu.

Mwanafunzi mmoja, Fabiani, alitaka tuzitie picha namba. Mimi nilimwomba Bibi Mwaija atusimulie yeye, hadithi inaanzia wapi. "Nyumbani. Kwani mtoto hutokea wapi?" Tukachora upya kwenye kitambaa cha marekani, picha zikishuka: nyumba juu kabisa, lambo, zahanati, na chini uwanja wa mpira. Kila msomaji huanzia juu.

Siku ya kuonyesha, wale wanafunzi wakanisukuma mimi nieleze. Mikono ilitetemeka mpaka kitambaa kikapepea.

"Karani, hicho kitambaa kinasikia baridi?" akauliza Bibi Mwaija. Watu wakacheka, nami nikapata sauti.

Nilipomaliza, alimvuta mjukuu wake Sadala mbele. "Anza na huyu. Asipocheza mpira, napajua unapolala."

Tangu hapo kila nikitumwa kule napitia uwanjani kwanza. Leo nimemkuta Sadala golini, anawafokea wenzake. Nimerudi mbio kukuandikia.

Msalimie Shemeji Semboja, na Josefina umbusu. Mungu awatunze huko mliko, mpaka tule tena chungu kimoja.

Mdogo wako akupendaye daima,
Simeo