Siku Tulipoviaga Vitabu vya Picha

Bariadi, Jumamosi, mwezi wa nane

Upepo tangu asubuhi. Vumbi limeingia hadi kwenye kopo la sukari, na pamba inayodondoka kwenye malori imenasa kwenye miiba ya uzio wa jirani. Sina hamu ya kuongea na mtu, ndiyo maana nimekuja huku intaneti kafe kuandika. Wasomaji wangu hamfiki kumi na karibu wote mnanijua. Leo msitegemee utani.

Mama yangu ameondoka.

Hajafa, msinitumie rambirambi. Amepanda gari la asubuhi kurudi kwake Ngulyati baada ya kukaa nasi miaka mitatu. Ameniambia anakwenda kuangalia ng'ombe. Ng'ombe wako kwa kaka yangu, wamenona, na hakuna aliyemwita mtu kwenda kuwaangalia. Mayu, ndivyo tunavyomwita mama kwetu Usukumani, ameondoka kwa sababu nyumbani kwangu hana tena anachofanya. Aliyemnyang'anya kazi yake ni mimi.

Kazi yenyewe ilikuwa kusoma.

Najua mnacheka. Mayu hajakaa darasani hata siku moja, jina lake analiweka kwa kidole gumba. Lakini alipokuja kwetu baada ya baba kufariki, mwanangu Minza alikuwa na miaka sita, na nyumbani kulikuwa na vitabu kumi na kimoja vya picha. Masista fulani waliokuwa wanahama walitugawia sisi walimu. Vingine vilikuwa vya Kiswahili, vingine vya Kiingereza, viwili vya lugha ambayo mpaka leo siijui. Kwa Mayu vyote vilikuwa sawa. Kila jioni baada ya chai walitandika mkeka nyuma ya jiko, wakafungua kimojawapo, na Mayu akaanza kusimulia kinachoonekana, nusu Kisukuma nusu Kiswahili.

Mimi nilikuwa nachambua mchele nikiwasikiliza kwa sikio moja. Nilidhani bibi anamshughulisha mtoto tu ili nipumue. Mungu anisamehe.

Kulikuwa na kitabu cha mama anayekamua ng'ombe. Picha nzuri, ndoo inang'aa, mama anatabasamu. Mayu aliitazama muda mrefu siku ya kwanza, akasema, "Ndama yuko wapi? Huyu ng'ombe nani kamshushia maziwa?" Ng'ombe wetu hawatoi maziwa mpaka ndama anyonye kidogo kwanza, kila mtoto wa mfugaji anajua. Mchoraji hakujua, au alichora ng'ombe wa kwao. Minza alirudi ukurasa wa nyuma kumtafuta ndama, akaenda wa mbele, hakumwona. Basi akatunga mwenyewe alikokwenda. Siku hiyo ndama alikuwa amefungwa nyuma ya nyumba. Kesho yake alikuwa amekufa, na ule mkono wa mama ambao hauonekani umeshika ngozi yake ili ng'ombe ainuse adhani mwanawe yupo. Kitabu chote kilikuwa na sentensi nane. Mtoto alikaa nacho mwaka mzima.

Na mimi, mwalimu mwenye cheti, sikuona kinachotokea mbele ya macho yangu. Akiwa na miaka sita alitaja vitu: ndoo, mti, kuku. Saba, akaanza kuuliza kwa nini. Nane, akawa anabishana na picha. Siku moja aliniambia huyu baba anayecheka kwenye ukurasa wa mwisho hacheki kweli, mtazame mikono yake. Nilimtazama. Mikono ilikuwa imekunjwa ngumi. Kitabu kile nilikuwa nimekisoma mara ishirini sikuwahi kuiona mikono. Kwa hiyo kadiri alivyokua ndivyo picha zilivyozidi kumpa kazi. Hili nalijua leo, wakati halina faida kwa mtu.

Majuto ni mjukuu, tunawafundisha watoto wa watu methali hiyo kila mwaka.

Sasa nieleze nilivyoharibu. Tangu soko huria lifike huku, kila kitu kina cha serikali na cha binafsi. Pamba ina wanunuzi wa kila aina, baba Minza mwenyewe anamfanyia kazi mmoja wao na msimu huu wote yuko Ipililo. Dawa zina maduka yake. Na shule nazo zikaja, za Kiingereza, zenye gari la njano na tai. Mtoto ana tai shingoni na miguu imejaa vumbi mpaka magotini, lakini mzazi akimtazama anaona Ulaya. Mimi nafundisha shule ya serikali, darasa la tatu, watoto tisini na kitu. Mwanangu nikampeleka kwenye tai. Msiniulize kwa nini, mnajua kwa nini. Sisi walimu ndio wa kwanza kuikimbia nyumba tunayoijenga.

Shule hiyo, jina lake nalihifadhi, ina sherehe yake. Mwisho wa darasa la pili wanafanya Siku ya Kuaga Picha. Watoto wanavalishwa joho na kofia bapa, wanapanga mstari, kila mmoja amebeba vitabu vyake vya picha vya nyumbani. Anafika mbele, anavitia kwenye katoni kubwa, anasema kwa Kiingereza kwamba yeye sasa ni mkubwa, kisha anakabidhiwa kitabu kinene kisicho na picha hata moja, kimefungwa utepe. Wazazi wanapiga vigelegele. Kuna keki. Kuna mpiga picha, na hilo hakuna anayeliona kuwa kichekesho.

Tulipewa barua wiki mbili kabla: vitabu vyote vya picha viletwe, mtoto akibakiza hata kimoja atarudi nyuma. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa, na mimi niliamini. Asubuhi ya sherehe nilihesabu vitabu nikakuta kumi. Nilijua kinachokosekana ni cha ng'ombe. Minza akaapa hajui kilipo. Nilikikuta chini ya godoro la Mayu, kimefungwa kwenye khanga.

Mama yangu mzazi alikuwa amemfichia mjukuu kitabu. Nami nilikivuta kwenye khanga yake huku ananitazama. Alisema neno moja tu, "Ng'wanone," mwanangu, kwa sauti ya kuniomba. Nikamjibu kwamba haya ni mambo ya shule, Mayu, wewe huyajui.

Nilimwambia hivyo mama yangu.

Ukumbini nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka. Minza alikitia kitabu cha ng'ombe mwisho, akakisukuma kwa vidole viwili kana kwamba kinaunguza. Mayu alikuwa amekaa safu ya nyuma na gauni lake la kanisani. Hakupiga makofi. Alimuuliza mama aliyekaa karibu naye, "Kwani vimekosa nini?" Yule mama akadhani bibi wa kijijini hajaelewa, akamweleza polepole.

Tangu Januari mkeka haukutandikwa tena. Minza anakaa mezani jioni na kitabu chake kinene, anasoma kwa sauti, Kiingereza kinateleza kama cha redioni. Majirani wanapita dirishani wanasifu. Mimi nilikuwa najidai, nasema huyo ndiye binti yangu. Mayu alivuta kigoda miezi ya mwanzo, akakaa karibu, akawa anauliza: kinasema nini hicho, mjukuu wangu? Minza anasema subiri. Anauliza tena kesho yake. Subiri, bibi. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mtoto hakuwa anamnyima. Alikuwa hana cha kumwambia. Hakuwa anajua kinasema nini.

Kisha Jumanne iliyopita Mayu aliuliza tena, na Minza akamgeukia akasema, "Bibi, wewe hujui kusoma."

Hakupaza sauti. Alisema tu, jinsi unavyosema mlango uko wazi.

Nilisimama pale na sufuria mkononi. Nilipaswa kumkemea, na sikumkemea, maana ningeanzia wapi? Maneno yale aliyapata kwangu. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Mayu aliinuka, akaenda kupembua mtama. Jana akasema anarudi kwake kuangalia ng'ombe. Leo stendi nilitaka kumwomba msamaha, nikaishia kumwambia atumie dawa ya mguu vizuri. Akasema wabeja, asante, akapanda. Alinipungia kutoka dirishani kama mgeni aliyelala siku moja.

Nilitoka stendi moja kwa moja mpaka shuleni kwao Minza. Jumamosi mkuu wa shule huwa yupo. Nikamwomba anirudishie vitabu vyangu kumi na kimoja, au hata kimoja tu. Alinistaajabia. Akasema katoni zile huwa wanachoma wakati wa usafi wa kufungua shule, maana zinajaza stoo, halafu akaniuliza kwa upole kama binti anarudi nyuma kimasomo. Nikasema hapana. Akasema basi mama, hongera, Minza ni wa tatu darasani.

Wa tatu.

Hasira yangu ilitaka kumrukia yule mtu, lakini hakunidanganya hata siku moja. Aliandika barua, mimi nikaitii. Hakuingia chumbani kwa Mayu kufungua khanga.

Nilirudi nyumbani mchana, nikamkuta Minza anafanya kazi zake za shule. Ukutani kwetu kuna kalenda tuliyopewa na wanunuzi wa pamba, ina picha ya familia shambani wanavuna. Nikamwita. Nikamwambia tuitazame, aniambie anaona nini. Yeye ambaye alikuwa anaweza kuuzungumzia mkono mmoja wa mtu pichani jioni nzima.

Aliitazama. Nikaona macho yake yanashuka chini ya picha kutafuta maandishi. Akasoma jina la kampuni, kwa matamshi mazuri, akasoma "Pamba ni utajiri". Nikamwambia hapana, mama, picha yenyewe. Unaona nini kwa hawa watu? Kwenye picha hiyo kuna msichana wa umri wake pembeni kabisa, amebeba mzigo kuwazidi wakubwa wote, na hatazami kamera, anatazama njia ya kwenda nyumbani. Mimi niliyeyuka moyoni siku ya kwanza kumwona, na ni Minza wa zamani aliyenifundisha kutazama hivyo.

Alisubiri. Akatazama picha, akanitazama mimi, akaona sisemi. Nikaona anaanza kuogopa. Kisha akachukua kalamu na daftari lake, akakaa vizuri, akaniuliza:

"Mama, jibu ni lipi? Niambie nikariri."

Nilikwenda uani nikalia. Sikujali kama ananiona, nilikuwa nalia kwa hasira, na hasira haina staha.

Kesho ni Jumapili. Hatutakwenda misa ya hapa. Nitampeleka Ngulyati na gari la kwanza, na akiwa amesimama pembeni yangu nitampigia magoti mama yangu niseme nilichomfanyia, kwa Kisukuma, ili Minza asikie kila neno. Baada ya hapo sina mpango. Shule inafunguliwa wiki ijayo na tai yake nimeshaifua. Sijui kama nitamrudisha kule, sijui baba yake atasema nini, sijui kama mtoto wa miaka tisa anaweza kufundishwa upya kutazama kitu ambacho hakina jibu.

Na Mayu je? Nikimwomba akae tena na Minza, atafungua nini mbele yake?