Maziwa Aliyoyakataa Elirehema

Jumatano, 12 Mei 1954

Ati mzee kama mimi nifundishwe kulisha mjamzito. Nesi wa hospitali, msichana ambaye hajazaa, ananiambia mbele ya watu, "Bibi, huyu alikuwa na njaa." Njaa, katika boma langu lenye ng'ombe na migomba?

Kwetu mjamzito hunyimwa maziwa, mayai na nyama, ili mtoto asinenepe tumboni akashindwa kutoka. Mimi nilinyimwa, nikazaa salama. Ndivyo nilivyomtunza Elirehema, mke wa mwanangu. Alipovimba miguu na uso nilimgombeza kwamba anakunywa maziwa kwa siri. Alilia tu.

Jana alianguka akatetemeka mwili mzima. Tukambeba hadi mjini. Mtoto alitoka amekufa.

Nesi anasema damu ya Elirehema bado inasukuma mno, huenda asipone. Apewe chochote atakachoweza kumeza.

Leo nimempelekea maziwa kwenye kibuyu. "Kunywa, usinisumbue," nikamwambia. Akafumba mdomo. Macho yamemvimba, hanioni, lakini sauti yangu aliijua.

"Sijaiba, mama," akasema. "Kweli sijaiba."

Nilimjibu kwamba najua. Sijui kama alisikia.