Risiva Chumbani Kwangu

9 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima. Mama anakusalimu, na mdogo wangu ameng'oka jino, analitembeza mtaani kama nishani. Wewe je, kifua kimetulia?

Mzigo umefika. Dereva wa lori aliuweka mlangoni akashika kiuno: "Mwambie baba yako mgongo wangu si winchi." Mama akaitazama hiyo risiva, redio ya zamani pana kama sanduku, akauliza, "Na hii nayo inakula nini?" kisha akarudi kwenye cherehani yake.

Baba, ulisema ile ya Desemba ndiyo ya mwisho. Hii ni ya ngapi baada ya mwisho? Risiva zako zimejaa chumbani kwangu, kitanda changu kimesimamishwa ukutani, nami nalala kwenye kochi la sebuleni, ambako wateja wa Mama wanakuja kupimwa nguo. Unanijua. Mimi nikishasema "shikamoo" maneno yameisha. Sasa nawaamkia watu shuka likiwa kidevuni! Juzi alikuja mwalimu wangu wa hesabu kuchukua suruali yake. Nilijifanya nimekufa.

Mwaka huu nina mtihani. Naomba chumba changu.

Binti yako

26 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, kifua kimepoa, namshukuru Mungu. Nisalimie mama yako na huyo mwenye jino.

Sasa sikiliza vizuri. Hiyo risiva imetoka kwenye hoteli iliyofungwa, imekaa miaka bila umeme, kwa hiyo usije ukaichomeka moja kwa moja ukutani. Pitisha umeme kwenye ile balbu niliyoifunga kwenye kibao. Balbu ikiwaka kali, chomoa upesi, ndani kuna shoti. Ikiwaka kidogo ikafifia, salama. Tena kila Jumamosi zizungushie zote vitufe, kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, visije vikaganda. Kapasita za ile kubwa, vile vikopo vya ndani vinavyotunza umeme, zimevimba au bado? Zitazame vichwani. Na hiyo mpya isafishe kioo cha masafa, kile chenye namba za stesheni, kina moshi wa sigara za wazee waliokwishajifia.

Suala la chumba nitalitazama nikija likizo. Subira huvuta heri. Dereva atakuletea nyingine ndogo, haichukui nafasi.

Baba yako

15 Machi

Baba,

Shikamoo. Kwanza wote wazima, usije ukadhani lililotokea limempata mtu.

Nilizungusha vitufe vyote, risiva baada ya risiva, kama mlinzi anayejaribu makufuli. Kisha nikaichomeka ile ya hotelini kupitia balbu. Balbu iliwaka kidogo, ikafifia, na taa za ndani zikaja taratibu. Nakiri, nilifurahi. Sikumwambia mtu.

Nikaichomoa, nikakitoa kioo, nikakiosha pande zote mbili kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Uchafu ulitoka. Namba nazo zikatoka. Masafa yote, kuanzia themanini na nane mpaka mia na nane, yalishuka kwenye karai kama sisimizi.

Kijitabu chake cha maelekezo kinaonya, ukurasa wa nyuma, kwa Kiingereza, ile lugha ya darasani: namba zimechapwa nyuma ya kioo, zisiloweshwe. Nilikisoma mikono ikiwa bado na povu. Mama alisema, "Si ulitaka itakate?"

Nisamehe. Lakini nawe, Baba, kuhusu balbu uliniandikia aya nzima, na kuhusu kioo neno moja: "isafishe".

Ile ndogo isiyochukua nafasi imefika. Imechukua meza niliyokuwa nasomea.

Binti yako

30 Machi

Mwanangu,

Nimesoma barua yako nikakaa chini. Kioo kile hakipatikani! Unaosha kioo cha risiva kama sufuria la ugali? Kitambaa kikavu, tena mbele tu. Nyuma hapaguswi, hapapulizwi hata pumzi! Nilidhani unajua. Umekulia kati ya vitu hivi.

Kuanzia leo usiguse risiva hata moja, na chumba hicho usikitie mguu mpaka nije. Likizo yangu imesogezwa tena.

Baba yako

2 Juni

Baba,

Shikamoo. Ile ya mara iliyopita hukuitikia, kwa hiyo hesabu mbili.

Nimekaa kimya kwa sababu nimenuna. Pia kwa sababu ulinikataza kuingia chumbani, na madaftari yangu yalikuwa humo. Nilitii. Nikawa naazima ya wenzangu, na kuazima ni kuongea, nawe unajua kuongea kunavyonitesa.

Mwishowe nilimwambia Mama. Alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja.

"Chumba cha nani?"

"Changu."

"Risiva za nani?"

"Za Baba."

"Basi ziende kwa Baba."

Tumezihamishia kitandani kwenu, upande wako. Zimepangwa kutoka kwenye mto mpaka miguuni, na Mama amezifunika blanketi lako zisipate vumbi. Anasema angalau hazikoromi. Nilizibeba kwa kuzikumbatia chini kwa mikono miwili, kama ulivyonifundisha. Hakuna iliyogongwa. Ukiwa na neno, mwandikie mwenyewe, usinitume mimi.

Jana nimelala kitandani kwangu. Nimefunga mlango, nikakaa chini nyuma yake bila kufanya chochote.

Sizichukii risiva, Baba. Nimechoka tu kuulizwa hali yangu kwa salamu, halafu hali ya kapasita kwa ukurasa mzima.

Binti yako

14 Juni

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Na ile nyingine, marahaba.

Nilinuna mpaka mwenzangu wa kitanda cha juu akaniuliza nani kafa. Nikamsomea barua yako. Alicheka hadi kitanda kikalia, akasema, "Kaka, umepinduliwa."

Huku tunalala wanne chumba kimoja, na redio haifunguliwi, maana daima yupo aliyetoka zamu amelala. Basi kila nikiona risiva mahali, naiona ikiwa sebuleni kwetu, inaimba, ninyi mmekaa, na mimi nipo. Ndiyo maana nanunua. Sikuwaza kwamba wa kuisikiliza nimemnyima pa kulala.

Likizo imekubaliwa, nafika mwisho wa mwezi. Fundi mmoja hapa ananionyesha risiva yenye mishale miwili inayocheza na sauti, safi kabisa. Nimekataa. Karibu nimekataa.

Mtihani ni lini? Somo gani linakusumbua? Mama yako nimemwandikia barua yake.

Baba yako

25 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, nawe tunakuombea safari njema. Mtihani ni Oktoba. Kemia ndiyo inayonitoa jasho. Nimeisoma barua yako nikiwa nimejifungia, na sitakuambia nilifanya nini baada ya kuisoma.

Mama naye amesoma yake. Akaikunja akaitia chini ya cherehani. Halafu akaomba na yangu, akafika pale kwenye "karibu nimekataa", akaguna, akaondoka na tepu yake ya kupimia shingoni.

Jioni nimepita mlangoni kwenu nikaona ameondoa risiva moja kitandani, ile iliyokuwa juu ya mto. Moja tu. Nikamuuliza, "Na hizi nyingine?"

Akasema, "Kichwa kimepata pa kukaa. Hizo nyingine, aje kwanza tumwone mikononi kabeba nini."

Binti yako