Viazi Nilivyovikataa

Jumatatu, 2 Septemba

Madumu mawili ya maji kutoka chemchemini hadi kwa Bibi Nestoria. Kisha kuni. Kisha kufagia ua, kazi ambayo yeye huirudia nikishaondoka. Anasema mwanamume hufagia kama anayefukuza kuku.

Kikundi chetu cha kujitolea huwahudumia wazee wa Ntobeye wanaoishi peke yao. Leokadia ndiye aliyekianzisha. Tangu Januari yuko Nyantakara, wilayani Biharamulo, anafundisha sekondari, nako pia kwa kujitolea, akisubiri ajira. Aliponikabidhi ukatibu alisema, "Bibi Nestoria usimwachie mtu mwingine." Sijamwachia.

Watu husema najitolea kwa kuwa shahada yangu ya sosholojia haijanipatia kazi. Wanakosea. Najitolea kwa sababu ninaamini. Na kwa sababu Leokadia aliniomba. Uzito wa kila sababu sijaupima, wala sitaki.

Alhamisi, 5 Septemba

Mkutano wa kikundi. Nilipendekeza kanuni: mhudumu asipokee chochote kutoka kwa mzee anayemhudumia. Msaada unaolipwa ni biashara, na maskini hulipa hata asipodaiwa, kwa aibu tu. Nimesoma vya kutosha kuhusu hilo.

Fundi Sylvester, seremala na mwenyekiti wetu, alipinga. "Bwana Digrii, ukialikwa harusini utaomba risiti?" Wakacheka. Nilijibu hoja kwa hoja hadi wakachoka. Kanuni ikapita.

Napenda kushinda.

Nilimwandikia Leokadia. Alijibu jioni: "Hongera. Kula vizuri." Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi kuliko unavyostahili.

Jumamosi, 7 Septemba

Wiki iliyopita nilimpelekea Bibi Nestoria unga uliochangwa na akina mama wa kigango cha kanisa letu. Mfuko wake niliuweka ndani ya kikapu. Leo alinirudishia kikapu kile, kimefunikwa kwa jani la mgomba. Nikafunua. Viazi vitamu, vimeoshwa.

Nilikataa. Nikamweleza sababu kwa Kihangaza chetu fasaha, bila haraka, kwa heshima zote. Alinisikiliza hadi mwisho. Akachukua kikapu, akaingia ndani, hakutoka tena.

Nadhani nilitenda haki. Nilipokuwa nikiteremka nilitamani Leokadia angeniona.

Jumatatu, 9 Septemba

Mlango wa Bibi Nestoria umefungwa kwa ndani. Moshi unatoka, kwa hiyo yumo. Maji niliyomletea Jumamosi yamemwagwa shinani mwa mgomba. Unga wa kigango umewekwa kizingitini, mfuko haujafunguliwa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, bwana."

Basi. Hajawahi kuniita bwana. Huniita mjukuu.

Ijumaa, 13 Septemba

Leokadia alipiga simu mwenyewe. Amepata mabati ya nyumba ya Bibi Nestoria. Mfanyabiashara mmoja wa Biharamulo mjini, Mwislamu ambaye babu zake walitoka pwani, ameyatoa yote kwa sharti moja tu: asitajwe popote. Nimempenda mtu huyo nisiyemjua. Hivyo ndivyo sadaka inavyopaswa kuwa.

Kuezeka ni Jumamosi ya tarehe 28. Leokadia atakuja.

Atakuja. Nilitembea hadi mpaka wa kata ya Keza na kurudi bila shughuli yoyote. Nilikuwa na furaha isiyolingana na elimu yangu.

Jumapili, 15 Septemba

Baada ya ibada nilimpelekea Bibi Nestoria habari za mabati. Nilisimama nje, nikazungumza na mlango. Hatimaye akafungua.

"Ni mazuri hayo mabati. Mpelekee mtu anayejua kupokea tu. Mimi sijui."

"Bibi, mvua inakaribia."

"Mvua naijua. Huwa inakuja kwangu na haikatai kitu."

Nyasi za paa lake zimeoza juu ya kitanda. Ukuta wa nyuma ulilowa masika iliyopita, ukatoa tumbo. Vuli hii utaanguka, naye akiwa ndani. Hili si suala la nadharia.

Sikumwambia Leokadia. Ni woga. Nauita kwa jina lake.

Jumanne, 17 Septemba

Mabati yamefika kwa lori, yamelazwa karakanani kwa Fundi Sylvester. Ilibidi nimwambie kwamba mwenye nyumba hayataki. Aliweka randa chini.

"Ulikataa viazi vyake?"

Nikamweleza kanuni. Kwamba inawalinda wazee dhidi ya unyonyaji.

"Kwa hiyo ulimlinda dhidi ya viazi."

Nikaanza kujibu. Akaniinulia mkono. Akasema kikapu kikienda kwa mtu hurudi na kitu ndani, hata kama ni konzi ya maharage, na kwamba mimi nimezaliwa hapa na nimekula kutoka katika vikapu hivyo utoto wangu wote. Mtu asiyepokea kwako, akasema, amekwambia usije tena kwake.

Nilijua. Hicho ndicho kinachoniuma. Sikuhitaji kufundishwa. Nilijua tangu sijajua kusoma, kisha nikasoma.

Alisema tukingoja zaidi ya mwezi huu atayapeleka mabati kwa mzee mwingine. Ana haki. Mapaa yanayovuja ni mengi.

Alhamisi, 19 Septemba

Nilimpigia Leokadia, nikamwambia yote. Mtandao ulikatika mara kadhaa, nikalazimika kurudia sehemu mbaya zaidi.

Akasema: "Siku ya kwanza Bibi alinipa ndizi moja. Nilikuwa sina njaa. Nilikula." Hakunilaumu. Ningependelea anilaumu, ningepata la kujibu.

Nilimuuliza kama bado atakuja tarehe 28. Akasema anatumaini. Sauti yake ilikuwa mbali, na si kwa sababu ya mtandao.

Jumapili, 22 Septemba

Nilikwenda mikono mitupu. Bila dumu, bila kuni. Njia ile ilikuwa ndefu. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kuomba radhi, yenye utangulizi. Alipofungua mlango ikanipotea.

"Bibi, nimekuja kuomba."

"Msomi anaomba nini kwangu?"

"Viazi."

"Vile vilishaliwa."

Nikasimama. Akaniacha nisimame. Kuku wake walinipita kana kwamba mimi ni nguzo ya ua. Kisha akasema kwamba kama nina njaa, nipunguze urefu, nikae.

Alifukua kiazi kimoja katika majivu. Hakunimenyea. Alinitazama hadi nikakimaliza, na maganda yake. Kilikuwa kimeungua upande. Nilisema ni kitamu, naye akasema waongo wengi wamesoma.

Ndipo tukazungumza mabati. Yaje, lakini siku ya kuezeka yeye ndiye atakayewalisha mafundi, na asiwepo wa kukataa. Nilikubali kwa niaba ya kikundi, bila mkutano, bila kura. Kanuni yangu imeishi siku chache kuliko panzi.

Jumamosi, 28 Septemba

Leokadia hakuja.

Ujumbe ulifika alfajiri. Ameajiriwa. Kituo chake ni Lindi, na anatakiwa kuripoti Jumatatu. Alikuwa tayari stendi. Aliandika kwamba amelia, kwamba nimsalimie Bibi, kwamba nisimamie misumari isipigwe mabondeni mwa bati.

Nilitaka kufurahi kwa ajili yake. Nilijaribu kwa bidii. Alistahili kazi hiyo kuliko mtu yeyote ninayemjua. Nilishika ngazi. Nilipitisha misumari. Fundi Sylvester aliuliza mara moja tu mgeni wetu yuko wapi, akaniangalia, akarudi kwenye kenchi zake za paa. Ni mtu mwema.

Ukuta wa nyuma tumeuegemeza kwa magogo. Wiki ijayo tutaukandika upya.

Bibi Nestoria alipika ndizi na maharage kwenye sufuria ya kuazima. Tulikula wote. Sahani moja aliiweka kando, ameifunika. Nikamwambia habari za Lindi. Aliitazama ile sahani, akanisogezea.

Nilikuwa nimeshiba. Nilikula.

Jumapili, 6 Oktoba

Mvua ya kwanza ya kweli. Ilinikuta kwa Bibi Nestoria, nimeleta maji ambayo sasa hayakuhitajika. Aliweka sufuria nje, chini ya ukingo wa bati, ikajaa mara moja, akacheka peke yake.

Hatukuweza kuzungumza kwa sababu ya kishindo cha mvua juu ya bati. Ilipopungua akaniuliza Lindi iko wapi. Nikamwambia ni kusini kabisa, pwani, karibu na mwisho wa nchi. Akauliza kama kuna vilima. Nikasema vichache, si kama vyetu. Akauliza mtu akiondoka hapa kwa miguu atafika lini.

Nikasema sijui.

Akasogeza kigoda karibu na moto, akaniambia nikae, mvua bado.