Neno Lako Nimeliacha na Kosa Lake

Dukani, mtaa wa nyuma ya posta,
Jumatano, 12 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Chele,

Hujambo wewe, na wifi yangu, na hao wanao ninaowajua kwa picha tu? Mimi mzima, ila goti na upweke, na goti angalau lina dawa. Sina hakika kama anwani hii bado ni yako.

Tangu tugombane juu ya kuuza duka la baba, mwaka wa pili huu hatujasemezana. Ulinuna, nami nikanuna zaidi, unanijua. Shangazi amehamia kwa mwanawe, kwa hiyo nafungua peke yangu na kufunga peke yangu. Siku nyingine naisikia sauti yangu mwenyewe kwa mara ya kwanza saa sita mchana, mteja akiulizia sindano.

Wateja walipopungua nilimwita binti mmoja, fundi wa tovuti. Tovuti tulikuwa nayo, ila mtu akitafuta mtandaoni hatuonekani. Kumbe kosa ni langu: niliandika "ukarabati wa mitambo ya ushonaji". Binti alicheka mpaka akakaa. Akaniambia, mama, nani ana mtambo nyumbani? Weka maneno ambayo watu wenyewe huandika. Basi tukaweka "fundi cherehani" na "cherehani inakata uzi", na simu imeanza kuita.

Kisha akanionyesha orodha ya maneno yaliyowaleta watu kwetu. Katikati nikaona "fundi chelehani". Mtu mmoja, kila Ijumaa. Binti akasema huyo anakosea herufi, hufunua matokeo ya utafutaji mpaka ukurasa wa tatu ndipo atukute, tusihangaike naye.

Utotoni baba alikusahihisha neno hilo mpaka akachoka, nasi tukakubatiza Chele. Nililia mbele ya mtoto wa watu.

Huenda si wewe. Wanaoshindwa na r ni wengi, na sitaki kujidanganya. Lakini nimemwambia binti aliandike juu kabisa ya tovuti yetu, na kosa lake hivyo hivyo. Alinitazama kama nimechanganyikiwa, ila aliandika.

Nisamehe maneno niliyokutupia siku ile. Shangazi anakusalimu, anauliza kama bado unaogopa mbuzi. Wasalimie wifi na watoto. Mungu akufunike huko uliko.

Barua hii ikipotea, neno lako lipo. Ijumaa usifunue tena mpaka ukurasa wa tatu. Ukiliandika vile unavyolijua, tunatokea wa kwanza. Namba ya simu iliyo hapo kwenye tovuti ni ile ile ya baba, na anayepokea ni mimi.

Dada yako akupendaye, hata akinuna.