Vyumba Viwili vya Sista Otilia

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe, Shangazi Otilia, ulisema ya tatu mpunguzie mzigo. Mwaka umetimia tangu utuache, na mizigo ingali kwetu.

Ulikuwa mtawa wa watu wa barabarani. Waliotoka Venezuela kwa miguu walifika hapa Pamplona, Kolombia, nyayo zimevimba, na mbele yao kuna mlima wa Berlín, ambako baridi inaua. Uliwapa arepa, mikate yetu ya mahindi, na maji moto ya sukari guru, kisha ukapandisha masanduku yao kwenye mizani ya viazi ya babu. Kilichozidi kilo nane kilibaki nyumbani kwa bibi, kimefungwa kamba na karatasi yenye jina.

"We binti, utampigia nani pasi huko juu? Mawingu?"

"Sista, hii pasi ni ya mama yangu."

"Basi mama yako amepata pa kulala. Andika jina. Ukirudi utaikuta."

Tumechoka, shangazi. Baba anakanda unga tangu alfajiri na mgongo unamkatalia. Vyumba viwili vya nyumba ya bibi vimejaa mizigo, vinanuka unyevu. Wengi hawarudi, tunajua. Lakini mwezi Machi yule binti wa pasi, Yusbelis, alirudi. Alikuulizia. Tulipomwambia, alikaa kizingitini akala arepa nzima, ndipo akaomba pasi yake.

Mdogo wako Evaristo anavitaka vyumba hivyo apangishe. Alikodi lori la kuizoa mizigo.

"Yurley, mnalinda takataka za watu waliokwisha kuwasahau!"

"Baba mdogo, walioahidiwa ni wao, si wewe."

Lori lilipofika lilikuta kitasa kipya mlangoni. Sasa ametuma neno: tusipomwomba msamaha mbele ya watu kwenye misa yako ya mwaka, hatakaa benchi moja nasi.

Unakumbukwa na kaka yako Anselmo, dada yako Custodia ambaye magoti yamemgomea lakini bado anachemsha maji, nami binti wa kaka yako, Yurley. Hutatutoka moyoni hata siku moja.

Misa ni Jumamosi, saa nne asubuhi. Nafasi ya baba mdogo ipo benchi la mbele, akipenda. Kitasa nilibadilisha mimi, na ufunguo ninao mimi. Siombi radhi.